Kaka, Njoo Ufunge Mfereji Wako

Kaka yangu Yoramu, popote ulipo huko upande wa pili,

Utanisamehe, leo sianzi kwa kuulizana hali. Barua hii naiandika wazi kwa sababu simu yako haipatikani, na madereva wa malori ninaowapa salamu zako pale Tunduma kila mmoja ananirudishia jibu lake. Mmoja alisema uko Kapiri, uko bwino, yaani mzima kabisa, tena umenenepa. Mwingine alisema alikuona Nakonde ukiuza matairi, yaani karibu kiasi kwamba ningevuka mpaka kwa miguu, nikuzabe kibao, nirudi kuwahi kupika chakula cha mchana. Kwa hiyo nitaipiga picha barua hii niitume kwenye kundi la ukoo na la kwaya, na kila anayevuka nitamwomba akusomee. Mambo yetu watayajua watu wote. Umejitakia.

Naanza na bonde, maana ndilo lililonishikisha kalamu. Enzi zile unachunga ndama na mimi nakufuata nyuma nikilia nisiachwe, matete yalikuwa marefu kuliko baba. Ukikanyaga pembeni ardhi inanesa, na maji yanapenya katikati ya vidole hata mwezi wa kumi, wakati huko juu kwenye kahawa kila kitu kimekauka. Ulinifundisha kukamata kambale kwa mikono, ukiniambia nisimkimbilie, nimwache aje mwenyewe kwenye kiganja. Siku niliyozama kwenye tope ulinivuta nikakuponyoka, ukanivuta tena nikakuponyoka tena, ukacheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku hiyo jina langu likawa Kambale, na ulinitangaza hivyo hata mbele ya wakwe zangu.

Jambo linalofuata wewe unalijua, lakini watakaokusomea huenda hawajui, acha niwaeleze. Kwetu kila mwenye vinyungu, zile bustani za bondeni, ana mfereji wake. Mvua zikiisha anaufungua, maji yanashuka taratibu, anapanda mahindi, maharage na kabichi kwenye matuta yale meusi. Kabla mvua hazijarudi anaufunga kwa vigingi na mabonge ya udongo yenye nyasi, ili bonde linywe lishibe. Anayeufunga ni mwenyewe. Hata akiwa mgonjwa atabebwa mpaka ukingoni, atatupa bonge la kwanza, wengine watamalizia. Mkono wa mtu mwingine unafunga mfereji wako mara moja tu, ukishazikwa.

Mfereji wa baba uliufunga wewe. Haukuwa msimu wa kufunga, kabichi zake zilikuwa ndiyo kwanza zinashika, tukaziacha zizame. Mimi nilikuwa nakupa mabonge, wewe unayakanyaga kwa kisigino, unakanyaga na kulia, makamasi yanakutoka na hujali. Maji yaliposimama baba mdogo akasema, "Sasa amefika." Tuliporudi nyumbani mama bado alikuwa chini. Godoro lake alilishusha sakafuni siku ile ile mwili ulipoletwa, na watu wote walimbembeleza alipandishe akakataa. Wewe ndiye uliyelinyanyua, ukalirudisha kitandani, ukamwambia, "Mama, inatosha. Mfereji umefungwa." Akakutii. Mimi nilisimama mlangoni na matope yangu nikawaza kwamba nyumba hii bado ina mtu.

Upande wa juu wa bonde baba alikuachia wewe, wa chini akaniachia mimi. Ulifungua mfereji wako, na uliufungua vibaya. Nasema hivyo kwa kuwa uko mbali, huwezi kunifanya kitu. Ulitaka kabichi nyingi za kuwauzia Wazambia, ukachimba kwa kina kuliko baba, ukaunyoosha moja kwa moja badala ya kuuzungusha kama alivyokuwa akifanya yeye. Kisha siku moja ukanikuta nikipalilia, ukasema, "Kambale, navuka mara moja. Nitarudi kufunga kabla ya mvua." Jembe uliliacha limesimama kwenye tuta. Mvua ilikuja, wewe hukuja.

Mvua zile za kwanza zilikata kingo. Zilizofuata zikachimba chini mpaka kwenye udongo mweupe. Siku hizi hakuna anayeuita mfereji tena, ni korongo, na korongo hili haliishii kuteremka, kaka, linapanda. Kila mvua linabomoa mdomo wake wa juu na kusogea nyumbani. Lilianza na choo cha zamani. Likaja kwenye mpera wetu, nao uliondoka ukiwa umesimama, asubuhi tukaukuta kule chini na mapera yake mabichi bado yako kwenye matawi. Mwaka jana lilichukua kigingi cha mbuzi pamoja na mbuzi mwenyewe, kamba ikiwa shingoni. Mama alisikia alivyolia, akatoka na kukuta kimya. Sasa kati ya korongo na nyumba limebaki jiko.

Bonde lenyewe hulijui tena. Ardhi iliyokuwa ikinesa ina nyufa ambazo mkono wangu unazama mpaka kwenye kiwiko. Vyura hawalii. Kisima tulichokuwa tunachota kwa kata kina majani makavu ndani. Na kwa kuwa limekauka, watu wameliona ni uwanja. Tunduma inatufuata huku tuliko, na madalali wana akili, wanawaleta wateja wakati wa kiangazi, wanawaonyesha mahali tambarare karibu na lami. Chini ya shamba langu kuna nyumba za tofali za kuchoma, nyingine zimeshapauliwa na mapazia yanapepea. Mama mmoja mgeni, mtu mwema tu, aliniuliza kwa nini mvua zilizopita kuta zake zilitoa jasho. Nikamwambia pale alipoweka kitanda ndipo mimi na kaka yangu tulipokuwa tunakamata kambale. Alicheka sana, alidhani namtania. Ana watoto wadogo.

Kiangazi hiki kijiji kimeleta mtaalamu wa mabonde, binti mpole anaitwa Neema. Alilizunguka bonde lote kwa miguu. Alitoboa udongo kwa chuma kirefu cha kuzungusha, akawa anautoa na kuulaza juu ya turubai kwa mpangilio ule ule uliokuwa nao ardhini, akatuita tuangalie. Juu ulikuwa mweusi, chini wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu. Akasema madoa yale yanaonyesha mahali maji yalipokuwa yakipanda na kushuka miaka yote. "Bonde lenu halijafa," akasema, "linavuja." Nilifurahi, kaka, nusura nimkumbatie.

Lakini alituambia pia kazi yake ilivyo. Vizuizi vya mawe na vigingi viwekwe ndani ya korongo, matete yapandwe upya, na asijenge mtu tena ndani ya alama alizoweka. Yote hayo yanaanzia juu, kwenye mfereji wako. Huo usipozibwa kabla ya mvua kubwa, mawe yetu ya chini yatasombwa, na maji yatazifikia zile nyumba yakiwa na nguvu zote. Nilimuuliza kuhusu nyumba ya mama. Aliangalia jiko, akaangalia korongo, akasema yeye asingelala mle mvua hizi.

Watu wamejitolea kuliko nilivyotarajia. Mawe yameletwa kwa matela ya ng'ombe, magunia yamejazwa mchanga, vigingi vimechongwa. Vyote vimerundikwa ukingoni, vikingoja neno la mama yako. Nilikuwepo Neema alipokwenda kumwomba.

"Ule mfereji ni wa mwanangu," mama alimwambia. "Mwenyewe yupo."

"Yuko wapi, mama?"

"Zambia."

"Tumpigie simu tumwombe ruhusa?"

"Hapatikani. Lakini yupo."

"Mama, sisi hatumziki mtu. Tunaziba mfereji tu, ili nyumba yako isiende."

"Kwenu ni mfereji," mama akasema. "Mimi nikiuziba nimemzika. Halafu akirudi nimwambie nini? Kwamba nilichoka kumngoja?"

Wazee wa kijiji walikuwepo na hakuna aliyemlazimisha mama, maana kila mmoja wao ana mfereji na kila mmoja ana mtoto mahali fulani. Nilimwomba angalau ahamie kwangu. Alinitazama kama nimemtukana. Badala yake amehamia chumba chako, kile cha upande wa korongo. Anasema ukifika utapitia dirishani kama zamani ulipokuwa ukichelewa kwenye mazoezi ya kwaya, na yeye asingependa ugonge ukose mtu wa kukufungulia.

Nina hasira na wewe, Yoramu. Nimeibeba tangu mpera ulipoondoka, na kila ninapopita penye jembe lako naiongezea. Lakini hasira ina nafuu yake, mtu unayemkasirikia unamwona yuko hai. Ninachoogopa ni kile kinachokuja nikiwa natwanga au nikiwa kanisani watu wameinama, kwamba wale madereva wote wawili walinipa maneno ya kunifurahisha tu, na hakuna aliyekuona. Sijamwambia mama. Nadhani naye kuna jambo hajaniambia, maana siku hizi akikutaja anakutaja ukiwa mdogo.

Juzi mawingu yalikaa juu ya milima ya Ileje tangu asubuhi, na upepo ukatuletea harufu ya mvua iliyonyesha kwa wenzetu. Usiku yalinyesha manyunyu kidogo tu, hata vumbi halikulala vizuri. Manyunyu hayo yalitosha. Jana mchana kweupe upande mmoja wa jiko ulikwenda, mama akiwa ndani anakoroga uji. Alitoka na mwiko mkononi. Nilikimbia kutoka kisimani kwa jirani, nikamkuta amesimama anachungulia sufuria yake kule chini, uji bado unatoa mvuke. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza, "Jumamosi watu wapo?"

Nikamwambia wapo.

"Basi wazibe," akasema, akaingia ndani.

Kwa hiyo ni Jumamosi, kaka, jua likichomoza. Neema atakuwepo, kwaya itakuwepo, hata yule mama mgeni amesema atakuja na koleo lake. Bonge la kwanza nimelikata mwenyewe, na nyasi zake, kutoka upande wangu ambako kuna kipande kidogo bado chepechepe. Liko ukingoni nimelifunika kwa gunia bichi lisikauke. Ukifika kabla, utalitupa wewe. Fika na aibu zako, fika mikono mitupu, fika na mke nisiyemjua na lugha nisiyoielewa. Utakuwa umefunga mfereji wako kama mwanamume mwingine yeyote aliyechelewa, nitakutukana kidogo, tutakula, yataisha. Usipofika nitalitupa mimi. Nitalikanyaga kwa kisigino kama ulivyonifundisha, na nitajua ninachokifanya, na mama atajua, na maji yatasimama.

Wewe unayemsomea barua hii, kama yuko mbele yako, mwangalie usoni, halafu umwambie magari yapo tangu alfajiri. Kama hayupo, usinipigie simu. Acha nifike Jumamosi.

Kaka, fanya haraka. Leo asubuhi nilimpelekea mama chai kwenye chumba chako. Nilibisha hodi, akaitikia kwa sauti ya chini, nikaingia. Kitanda kilikuwa kitupu, mbao tu. Godoro ameshalishusha.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniita
Kambale