Ukimaliza Kusema, Shuka Uketi kwenye Reli

Mama Safia, mpendwa mshauri, mimi ni mkaaji wa kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kindu, nakusikiliza kwenye redio kila Jumamosi nikitwanga sombe, majani ya muhogo, na leo ni mimi ninayeomba msaada, maana sina raha tena.

Niliolewa kambini miaka ya vita, wakati treni ilikuwa haiji na majani yameota katikati ya reli hata mbuzi walipotea humo, na sisi sote, watu wa Kasai, wa Katanga na wenyeji, Wakristo na Waislamu, tulikutana mchana stesheni kuamua mambo yetu, nani aende shambani, nani abaki na watoto, chumvi igawanywe vipi, na mwenye neno alipanda kwenye jukwaa la abiria, akasema, halafu akashuka kuketi kwenye reli na wenzake ndipo ajibiwe, maana kwetu ilikuwa mwiko kujibiwa ukiwa umesimama juu, na hatukuwa na chama wala kura, tulisema mpaka tukaelewana, na hata leo nikifumba macho nasikia joto la ile reli, na harufu ya mto Lualaba inakuja polepole, na njaa yote naisahau, nabaki na utamu tu.

Sasa uchaguzi wa baraza la komini yetu ya Kasuku, sehemu ya mji wa Kindu, umekaribia, kambi haina bomba, tunachota mtoni, na Bwana Florentin, mkubwa wa chama kimoja hapa Kasuku, anataka nigombee kwa jina la chama chake, ila alisema wazi, "Mama Kabedi, ukipita utapiga kura vile chama kinasema, njo sheria, ndiyo hivyo," na Mama Philomène, jirani yangu tangu vita, akanijia juu mbele ya wanawake: "Sisi njo tunakutuma. Kila neno urudi kutuuliza. Ukivaa kitambaa cha chama, usituite tena." Nikikataa chama, nje ya kambi nani atanipa kura, na bomba je? Nikikubali, nawapoteza watu niliolala nao njaa. Florentin anataka jibu Jumapili. Nifanye nini?

Kabedi

Mama Kabedi, pole sana, lakini amka kwanza, unaota mchana. Demokrasia yenu ya kwenye reli, ya watu wote kuamua wenyewe, ilikuwa nzuri, ila mlikuwa kambi moja yenye shida moja. Kasuku nzima itaketi wapi? Ndiyo maana watu wanachagua wachache wa kuwasemea. Na niambie ukweli, wewe mke mpya wa wakati ule, ulipanda jukwaani mara ngapi? Walionyamaza mlidhani wamekubali. Kura ya siri iliwekwa kwa ajili ya watu kama hao.

Chama nacho si mume wala dini. Kazi yake ni kukusanya haja za watu wasiofahamiana, bomba lako na barabara ya mkulima wa kule Obokote, ziwe mpango mmoja wenye nguvu. Barazani ukiwa peke yako utainua mkono na hakuna atakayeuona. Lakini chama kinachosema tu bila kusikia kinatafuta viti, hakitafuti watu. Naye Philomène mwambie kwa heshima kwamba mkiulizana kila neno, watoto watakufa kiu. Haogopi kitambaa, mama, anaogopa kukupoteza.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili mwite Florentin stesheni, siku isiyo na treni. Apande, aeleze chama chake kina mpango gani wa maji. Kisha mwambie desturi ya kambi: ashuke, aketi kwenye reli, aulizwe na wanawake. Akikaa akajibu, na akakubali mbele yao kwamba kwa jambo la maji chama hakitakufunga mdomo, chukua jina la chama chake mfanye kampeni. Akitazama suruali yake na kuita pikipiki, mwache aende, ugombee peke yako hata ukishindwa.

Na ukipita, baada ya kila kikao cha baraza urudi pale pale, upande, useme ulipigaje kura na kwa nini. Halafu ushuke, Mama Kabedi, uketi karibu na Philomène, umsikilize. Reli bado ina joto.