Mkasi Wangu Umenichongea

Shoga, uko wapi? Nimeaibika leo hadi natamani kuhama mtaa.

Nimeanguka kifafa dukani. Nilikuwa nimepiga magoti namchukua vipimo mwalimu mkuu. Wanasema nilidondoka nimeng'ang'ania suruali yake. Ikashuka, shoga. YOTE. Mbele ya mama mkwe!

Mtoto tumboni mzima, usiogope. Hapa hospitali wamemsikiliza moyo, unakimbia kama cherehani.

Sasa ngoja. Daktari kauliza, "Dawa unameza?" Nikajibu kwa madaha, "Kila siku."

Mama mkwe akatoa mkasi wangu mkobani. Aliuondoa karibu nami nilipoanguka. Ule mkasi, mtu akikatia hata karatasi namtoa roho! Makali yamejaa unga mweupe.

Nikasema ni chaki.

"Chaki yako ya bluu, mwanangu."

Basi nikakiri. Tangu nishike mimba nimekuwa nakata vidonge nusu, eti dawa isimdhuru mtoto.

Daktari hakufoka. Kauliza tu, "Mteja akilikata mwenyewe gauni ulilomshonea, kwa kukisia, utamfanyaje?"

"Nitamchapa."

Akanitazama. Shoga, akanitazama!

"Dawa ikihitaji kubadilishwa, nitapima mimi. Ukianguka, mnaanguka wawili."

Mnaanguka wawili. Nimelia hadi kamasi.

Sasa hivi mama mkwe kaficha mkasi, ananiamuru ninyanyue ulimi aone kama nimemeza.

Na mwalimu mkuu kapiga simu kunipa pole. Kesho anarudi tumalizie vipimo. Kasema atavaa mikanda miwili.