Wadudu wa Shamiso kwenye sahani ya mshenga

Ropa pokea simu. Shamiso kaharibikiwa, na mshenga aliyekuja kwa mahari bado yuko sebuleni.

Unawajua wale wadudu wake? Wale anaowafuga kwenye ndoo kwa kazi ya chuo, anawalisha maboksi meupe ya chipsi aone plastiki inavyoisha tumboni mwao? Shangazi kawakaanga.

Kawakaanga Ropa. Na nyanya na vitunguu. Kakuta ndoo barazani, akadhani ni viwavi wa kitoweo walioletwa kwa ajili ya wageni. Mshenga kala sahani mbili.

Shamiso kaingia na maji ya kunawa, kaona sahani, kaweka jagi chini. Na mzee wa watu ndiyo kwanza anasifu: "Binti, hawa watamu kuliko wa kwetu. Walikula majani gani?"

Angesema majani ya mopane tu, ule mti wanaokula viwavi wa kitoweo, yakaisha.

Kapiga magoti mbele ya mshenga. "Baba, walikula maboksi ya chipsi. Plastiki."

Mshenga kaweka tonge chini, anatazama vidole vyake. Baba yake Shamiso kainamisha kichwa.

Shangazi katoka jikoni, kaivuta ile sahani, kajaza kiganja. "Kama ni sumu, nitangulie mimi. Lakini mtoto wangu hajawadanganya, na mke mkweli hivyo mkamtafute kwingine muone kama mtampata." Katia mdomoni.

Nakuandikia nimejibanza mlangoni. Mahari hakuna anayeitaja. Sebule nzima inamwangalia shangazi anavyotafuna.