Firigisi ya Jogoo wa Baba Mkubwa

Dagoretti, Jumapili baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Vaa miwani kwanza. Barua hii isome peke yako, usimpe Kevin akusomee. Ningepiga simu, lakini simu yako iko kwa spika tangu masikio yaanze kukusumbua, na nikisema neno huku, boma lote linajibu.

Goti la kushoto linaendeleaje? Na yule ng'ombe, ameshazaa? Mimi ni mzima. Kazi ipo. Namalizia nyumba moja kule Karen, bafu tano kwa watu watatu, na kila bafu na rangi yake. Ya tatu nimeibomoa mara mbili kwa sababu mwenye nyumba alibadilisha nia, na lawama nikabeba mimi. Hayo nimezoea.

Sasa habari yenyewe. Huu ni mwezi wa nne, kila Jumamosi asubuhi naenda mjini kwa darasa la kuandika. Usicheke. Shule sikumaliza, na hilo nimewakumbusha mara nyingi kuliko inavyofaa. Tuko kumi na mmoja. Mwalimu Njoki, mama mstaafu anayekaa Jamhuri, hataki hadithi za kubuni. Anataka yaliyokupata wewe mwenyewe, uyaandike mpaka mtu ayaone.

Zoezi la kwanza lilikuwa kueleza kile chumba tulichokaa. Niliandika: vigae vya sakafu mia tatu na kumi na viwili, vinne vimepasuka, fundi hakuvuta kamba ya kunyoosha mistari. Mwalimu akasoma akacheka. "Fundi, umeniandikia makadirio ya kazi. Nani husimama juu ya hivyo vinne?" Nikaangalia tena. Vyote vinne viko pale anaposimama yeye. Nikaandika hivyo, nikasoma, na darasa zima likageuka kutazama viatu vyake. Siku hiyo nilirudi Dagoretti nikijiona mrefu.

Kisha tukaambiwa tuandike siku tuliyoonewa. Mimi hapo sikuuma kalamu. Niliandika kurasa nne juu ya ule mchana Baba Mkubwa alipokuja kututembelea, nikiwa na miaka kumi na mitano. Jinsi nilivyobeba bakuli la kuku kutoka jikoni, hatua arobaini mpaka nyumba kubwa. Jinsi Baba alivyotafuta firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma, akapekua kipande baada ya kipande, vyote kumi na kimoja, akakosa. Jinsi alivyosema mbele ya ndugu yake, "Nimezaa mwizi." Mwaka haukuisha, nikaja Nairobi. Na mpaka leo nikifika na begi langu anatania, "Hesabuni vijiko!" Ndiyo maana kila Krismasi kuku akiletwa nasema tumbo linauma. Tumbo haliumi, Mama.

Mwisho niliandika kwamba aliyeila ni Dada Everlyne.

Nikasoma kwa sauti. Mwenzangu mmoja, askari wa lango, akasema, "Hiyo si habari, hiyo ni mashtaka." Wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Ulimwona dada yako akila?"

"Hapana."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Jikoni tulikuwa watatu. Ukinitoa mimi..."

"Wanabaki wawili, fundi. Wewe hesabu si ni kazi yako?"

Akanituma nikaandike siku hiyo hiyo nikiwa nimesimama walipokuwa wamesimama wao.

Nikaanza na Everlyne, nikitaka kumkamata. Nikashindwa. Unga ulikuwa umeisha, nikamkumbuka akirudi kutoka kisiagi na unga kwenye nyusi. Alipofika, kuku alikuwa ameshapakuliwa, bakuli limefunikwa. Hakuligusa. Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani miaka ishirini umenichukia kwa sababu ya firigisi?" Nikamwambia sikumchukia, nilikuwa tu namjibu kwa ufupi.

Basi nikasimama mahali pako, Mama, kando ya jiko. Ulikuwa na mimba ya Kevin, miezi saba. Kwa boma letu wakati ule kuku mlimpika nyinyi wanawake, mkaachiwa mchuzi na shingo. Nikaandika moshi, mgongo wako, mkono mmoja kiunoni. Nikafika kwenye lile yai la kuchemsha ulilonitilia mfukoni kesho yake asubuhi. Miaka yote nilidhani ulinihurumia. Sasa nadhani ulikuwa unaniomba msamaha.

Lakini sikuona. Mwalimu alisema nisiandike nisichokiona, nikuulize. Nakuuliza. Nimekuachia mistari sita mitupu pale kwenye daftari langu.

Baada ya Jumamosi tatu tutasoma mbele ya wageni, na kazi zetu zitatolewa kijitabu. Nitakileta Desemba, na Baba unamjua, husoma hata karatasi iliyofungia sukari. Kwa hiyo ni wewe utakayeamua. Ukikubali, nitasoma ya jikoni. Ukikataa, nitasoma ya vigae, na Baba aendelee kuhesabu vijiko. Wizi huu nimeubeba miaka ishirini. Kama ni wako, naweza kuendelea kuubeba bila kununa.

Msalimie Baba, mwambie paa la zizi nitalirekebisha mwenyewe. Msalimie Kevin, kitinda mimba wetu, ambaye labda ndiye aliyeila. Msalimie na shangazi wa kanisani, anayeniombea kila Jumatano nipate mke.

Desemba mchinje jogoo, tumbo langu limepona. Firigisi yake wekeni kwa sahani ya Baba kama kawaida. Mimi nitakuja na nyingine kumi na mbili kutoka huku Dagoretti. Hizo ni zako, uzikaange unavyopenda, ukae kwenye kiti, ule mbele yetu sote.

Mimi kijana wako, fundi na mwanafunzi,
Wycliffe