Kahawa ya Tembo

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mikumi nikiwa na hasira.

Hapa hotelini wanauza kahawa ya pakiti yenye picha ya tembo, imeandikwa "Kahawa ya Mikumi". Dada anayeiuza akaniambia ukali wake unatokana na joto la mbuga. Nikaonja. Ilikuwa kahawa yetu ya Bukoba kabisa, ile nzito na chungu inayokaa kooni mpaka jioni. Mvua ya ziwani na kivuli cha migomba yako ndivyo vimeilea, halafu sifa anapewa tembo. Tangu nifike nimeona nyani na nyasi. Mti wa kahawa sijauona hata mmoja.

Nikatoa zile kahawa za kutafuna ulizonichemshia na kunikaushia kwa safari. Nikampa, kama tunavyompa mgeni nyumbani, nikamwambia zimetoka Bukoba, shambani kwa shangazi yangu. Akatafuna taratibu, akaitikia kwa kichwa.

"Ladha ni ileile," akasema. "Kumbe kahawa yetu inafika mpaka Bukoba."

Mungu akupe afya na mvua ya kutosha, Shangazi yangu. Tembo na walime ya kwao.

Mwanao, Koku