Mtutu wa Kushoto

Baba,

Sijui habari zinawafikiaje ninyi mliotangulia, lakini hii ya bunduki nataka uisikie kwangu. Huko Mwazye mahindi yako yameanza kukauka, na ng'ombe wameonekana tena bondeni.

Tulipomaliza kukuzika, mdogo wangu Festo aliishusha bunduki darini, akakaa nayo juma zima kabla ya kuikabidhi polisi kama sheria inavyotaka. Alisema anaisafisha. Mimi ndiye niliyeomba kuirithi. Ilikuwa ya babu, na harufu ya mafuta yake ni harufu ya mikono yako. Ilikuwa imechakaa, nami nilitaka ipone.

Kumpata fundi kulinisumbua. Hapa Sumbawanga kila niliyemuuliza alinielekeza kwa wachomeleaji. Mmoja wa huku kwetu Katandala aliniambia, "Dada, mageti naunga, hiyo itanishinda?" Nikaondoka. Mwishowe askari wa kituoni akanitajia mzee mmoja wa Mbeya, mwenye leseni, aliyetengeneza silaha jeshini miaka mingi. Tukaenda naye askari, bunduki imefungwa kwenye blanketi.

Mzee aliitikia shikamoo yangu, akaitoa bunduki blanketini. Akaikunjua, akaielekeza dirishani na kuchungulia mitutu yote miwili. Akabandua ubao wa chini ya mitutu.

"Mwanangu, nani kachomelea hapa?"

Nikamwambia wewe hukuwahi kuichomelea. Akanionyesha ufa kwenye mtutu wa kushoto, na juu yake chuma kipya, bado kinang'aa.

"Hii kazi ni ya juzijuzi. Kuna mtu anataka kuipiga. Akiipiga, itampasukia usoni."

Baba, nilimjua. Nilikumbuka Festo msibani, akimtazama Masanja, mwenye ng'ombe wale, na kusema chinichini, "Mwaka huu hawatapita." Masanja aliyebeba jeneza lako. Aliyekuletea maziwa ulipokuwa humezi kingine. Mligombana kila mavuno, wewe na yeye, ng'ombe wake wakiingia shambani, na kila mavuno mkaishia kucheka.

Nikamwomba mzee asiiguse tena. Tumeirudisha kituoni, nimetia saini iharibiwe. Mali ya babu. Kama umekasirika, nikasirikie mimi.

Nilimpigia Festo nikamweleza habari ya ufa. Nilidhani atashtuka, kwa kuwa uso ambao ungepasukiwa ni wake. Akauliza kwa upole, "Kwa hiyo wa kulia ni mzima?"

Nikamwambia bunduki haipo tena.

"Sawa, dada. Zipo nyingine."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningelala.

Asubuhi hii jirani yetu wa Mwazye amenipigia. Festo ameondoka na pikipiki, peke yake, kaelekea Mwimbi, na hakuaga anafuata nini. Askari nimemweleza; amesema atafuatilia. Simu ya Masanja haipatikani, na saa hizi huwa ameshawatoa ng'ombe zizini.

Gari la Mwazye linaita abiria. Naandika nimesimama, uniwie radhi mwandiko.

Pumzika, Baba. Huyu ni mwanao, na mimi ni mwanao, na nakuahidi hatamwaga damu ya mtu shambani kwako. Nitasimama pale bondeni, kati yake na ng'ombe, mpaka aweke chini atakachokuwa amekuja nacho. Na kama hatakiweka, basi utaniona mapema kuliko tulivyopanga.

Binti yako,
Skola