Kiti Kilichotangulia

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila tangu asubuhi siwezi kutulia. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au unawagawia wateja?

Nina habari. Unajua hapa kwenye ofisi ya kamusi mimi ni mfanyakazi wa mkataba, mwaka wa nne sasa. Jambo moja sijawahi kukwambia: sisi wa mkataba tunakalia viti vya plastiki, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Aliyeajiriwa moja kwa moja ndiye mwenye kiti cha mbao chenye jina lake mgongoni. Sasa leo Mhariri Mkuu, ambaye tunamwita Mzee Nukta kwa sababu akishasema hakuna la kuongeza, ameniita akanipa neno langu mwenyewe, nilichunguze na kuliandika mwanzo mpaka mwisho. Neno lenyewe ni "dumu". Nikilifanya vizuri, mwezi wa nne napata ajira ya kudumu. Nilitoka ofisini kwake nikasahau hata kufunga mlango.

Kazi yetu haina kubuni. Kila matumizi lazima yawe na kikaratasi: sentensi iliyosemwa kweli, nani kaisema, lini. Vya magazeti ninavyo tele: kamati ya kudumu, makazi ya kudumu, jino la kudumu, wino wa kudumu. Vya mtaani ndivyo sina. Wewe unashinda karakanani na watu kutwa. Nisikilizie, Baba.

Kitinda mimba wako

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, linagombana na ngazi tu. Dawa kweli nilimpa kinyozi, maana mgongo wake una hali mbaya kuliko goti langu.

Barua yako nilikuwa naisoma nimesimama. Nilipofika kwenye plastiki nikakaa. Binti wa fundi viti, miaka minne. Sitaki hata kulizungumza.

Vikaratasi hivi hapa, ishirini na kimoja. Nimeandika nyuma ya vipande vya msasa uliokwisha makali, karatasi nyingine sina.

Muuza dawa, Jumatatu: "Mafua haya yamedumu mpaka nimeyazoea."

Kinyozi, Jumanne: "Huyu ni mteja wangu wa kudumu, ndiyo maana namchelewesha."

Shangazi yako akimsema mumewe, Jumatano: "Hasira zake hazidumu, chakula kikiiva zimekwisha."

Bibi harusi aliyekuja kuagiza kitanda, Alhamisi: "Tuombeeni tudumu."

Vilivyobaki kumi na saba ni vyangu, na vyote vinasema: "Kiti hiki kitadumu." Kumbe nalisema neno hili kila saa, sikuwa najua.

Kuna mzigo unakuja huko na lori la wiki ijayo. Usiulize.

Baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, kwa sababu nataka kukugombeza, na mgonjwa hagombezwi.

Kiti kimefika. Wapagazi wawili wamekipitisha katikati ya ofisi saa nne asubuhi, watu wote wamesimama wanatazama, na jina langu umelichonga kwa herufi kubwa kama za bango la duka. Baba, sijaajiriwa bado. Mwenzangu wa meza moja ameniuliza kama nitaapishwa leo au kesho. Nimekisukuma stoo huku nacheka na machozi yananitoka, maana ni kizuri mno, na nimeona aibu mno. Mzee Nukta alipita, akakitazama kiti, akanitazama mimi, akaenda zake.

Halafu vikaratasi. Cha kinyozi kimemchekesha Mzee Nukta, na huyu mtu hacheki. Lakini vyako kumi na saba amenirudishia. Amesema: "Baba yako anaahidi. Ahadi si ushahidi. Nitafutie mtu anayesema kimedumu." Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno, kitu kukaa miaka bila kuharibika, na sina kikaratasi hata kimoja cha kitu cha kushikika. Mwisho wa kupeleka kazi ni tarehe ishirini na tano. Ikipita hivi hivi, narudi kwenye plastiki au narudi nyumbani. Nisaidie.

Binti yako

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kuhusu kiti, uliandika "nikilifanya vizuri". Wewe lini uliharibu kazi? Nikaona nianze mapema.

Lakini huyo mzee wako amenigusa penyewe. Miaka thelathini na minane nawaambia watu kitadumu, na sijawahi kurudi kwa mtu kuangalia. Basi nimefunga karakana siku tatu, nikachukua daftari la oda, nikapita nyumba kwa nyumba. Goti lilishangaa mpaka likanyamaza.

Nyumba ya kwanza, kiti kilivunjika mwaka ule ule niliokiuza. Mwenyewe ameona haya kuniambia miaka kumi na miwili, na kila siku tunasalimiana. Nimekibeba nikakitengeneze. Nyumba ya pili, miguu ya meza yangu imeshikilia banda la kuku. Sikufichi, niliumia. Nilijiona mwongo mzee.

Siku ya tatu nikafika kwa mwalimu mstaafu. Kiti chake nilikitengeneza wiki uliyozaliwa. Tukakigeuza, maana kila kiti nakitia saini chini kwa penseli, na saini inasomeka mpaka leo. Alichosema nimekiandika hapo hapo mlangoni kwake, nakuletea kama kilivyo:

Mwalimu mstaafu, 12 Machi: "Nilikuwa na mke, watoto na meno. Nimebaki na kiti. Kimedumu."

Nilijifanya nakagua mguu wa nyuma.

Baba yako

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Kaa kwanza.

Tangu nipeleke kazi, Mzee Nukta hakuniambia neno. Leo asubuhi amekuja mezani kwangu. "Kuna kiti kinaziba mlango wa stoo. Kina jina lako. Kitoe." Nikajua nimefukuzwa. Nikakitoa, nikaanza kukiburuta kuelekea nje, roho iko mkononi. Akaniita: "Unakipeleka wapi? Kiweke kwenye meza yako." Akaondoka. Hakuongeza kitu.

Nimeajiriwa, Baba. Sentensi ya mwalimu itachapishwa chini ya maana ya kwanza. Ile ya kinyozi imeingia pia, mwambie aache kuchelewesha watu.

Nakuandikia nimekikalia. Nilikigeuza kutafuta saini yako, nikakuta jina lako, tarehe, halafu mstari mtupu. Ulisahau kumalizia?

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti kwa kinyozi, mteja kanyolewa nusu kichwa. Amesubiri mpaka mwisho, na ndiye aliyeanza kupiga makofi. Nimefurahi mpaka nimesahau nilikoweka miwani.

Sikusahau. Mstari huo ni wako. Siku utakayostaafu kigeuze, uandike kama kimedumu au hakikudumu, na tarehe. Mimi sitakuwepo kusoma, kwa hiyo usinionee haya, andika ukweli.

Penseli niliichomeka kwenye kitobo nyuma ya mguu wa kushoto.

Baba yako, fundi viti